Kupiga picha vidudu, uyoga na majani kwa karibu: anza na mwanga, lenzi itafuata

Watu wakiona picha ya jicho la nzi limejaa skrini nzima swali huwa moja tu, umetumia lenzi gani? Mi mwenyewe nilianza na swali hilo hilo, nikazunguka madukani nikakuta lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu kabisa, inauzwa hela ya pikipiki ya mtumba, nikarudi nyumbani kinyonge. Walionibadilisha ni sisimizi wanaoitwa maji moto. Nyuma ya nyumba tunayokaa kuna mwembe, na wale sisimizi wekundu wameshona majani yake mpaka yamekuwa mabunda mabunda, basi siku moja nikachomoa lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera, nikaigeuza mbele nyuma nikaishikilia kwa mkono mbele ya bodi ya kamera, nikapiga. Giza tupu. Nikawasha flashi, wakatoka na madoa meupe mgongoni kama wamemwagiwa mafuta. Alafu nikaweka karatasi nyeupe kati ya flashi na tawi, karatasi ya daftari tu, na picha iliyofuata nikaweza kuhesabu vinyweleo vya miguu. Lenzi ile ile, mdudu yule yule, mkono ule ule.

Kwahiyo kama una hela kidogo usikimbilie lenzi, kimbilia mwanga. Nitaeleza kwanini, maana ukilielewa hili mengine yote utayapanga mwenyewe bila kuuliza mtu.

Kwanini picha za karibu zina njaa ya mwanga

Makro kamili tunaiandika 1:1, maana yake mdudu wa milimita 10 anajichora kwa milimita 10 kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Ukiwa umekaribia hivyo, sehemu inayokaa kwenye fokasi, yaani inayoonekana bila ukungu, inakuwa nyembamba mno: kwenye kamera yenye sensa ya APS-C (saizi ya kati), kwa tundu la lenzi la f/8 (namba ya f ikipanda tundu linabana), unapata kama milimita 0.6 hivi. Ukikuza mara 4 inabaki kama milimita 0.1, yaani unene wa karatasi ya kuprintia. Sasa maji moto mmoja mkubwa ana urefu wa kama milimita 7, ukimlenga jicho basi tumbo lote ni ukungu.

Dawa ya kwanza inayomjia mtu ni kubana tundu la lenzi ili fokasi iwe nene. Sawa, lakini ukibana giza linaingia, na tena ukuzaji wenyewe unakula mwanga juu ya hapo. Kuna hesabu ndogo, chukua namba ya tundu uzidishe kwa (1 + ukuzaji). f/8 kwenye 1:1 inafanya kazi kama f/16, kwenye 2:1 inafanya kazi kama f/24. Ndo maana ukiweka f/22 ukidhani unajisaidia picha yote inalegea, kwenye 2:1 hiyo ni sawa na f/66 na mwanga ukipita kwenye kitundu kidogo namna hiyo unatawanyika, hakuna kitu kinachokata tena, yaani kinachoonekana kwa makali, hata ukilenga vipi. Mi nakaa f/8 mpaka f/11 nikiwa kwenye 1:1, nikikuza kuzidi hapo nashuka f/5.6 au hata f/4, giza linalobaki naliziba kwa flashi.

Difyuza ya kutengeneza mezani

Difyuza ni kitu cha kulainisha mwanga, na mwanga unakuwa laini pale chanzo chake kinapokuwa kikubwa kikilinganishwa na kinachopigwa. Hili ndo jambo zuri la vitu vidogo, kwa binadamu unahitaji mwavuli mzima wa studio ila kwa sisimizi karatasi ya A4 ikiwa sentimita tano juu yake ni anga zima lenye mawingu. Vitu vinavyong'aa kama mbawakawa, nyigu na majani yenye nta vinahitaji hili kuliko vyote.

Mi natumia kopo refu la krispsi, lile ambalo ndani tayari lina karatasi ya kung'aa. Kata kitako, tengeneza tundu la kuingia kichwa cha flashi, mbele kata mshazari ili mdomo uangalie pale lenzi inapoangalia. Mdomoni weka tabaka mbili: ya ndani karatasi nyeupe ya kuokea, ya nje kipande cha plastiki nyeupe cha dumu la maziwa, na kati yake acha nafasi ya sentimita tatu nne hivi. Wengi wanabandika tabaka zote kwa pamoja alafu wanashangaa doa la katikati halitoki, ile nafasi ndo inayotawanya mwanga. Tepu nyeusi pembeni, basi. Kama una flashi ndogo tu ya kuchomoka juu ya kamera, chukua sahani nyeupe ya kutupa, toboa katikati upitishe lenzi, inamishe kidogo mbele, flashi itagonga sahani na sahani yenyewe ndo itakuwa taa yako.

Kamera iweke M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata, yaani muda wa kupokea mwanga, 1/200 ya sekunde, f/8, ISO (wepesi wa sensa kuona mwanga) 200, flashi uishushe mpaka 1/16 ya nguvu yake kisha uongeze ukihitaji. Flashi nyingi za kuchomeka juu ya kamera zikiwa kwenye 1/16 zinawaka kwa muda mfupi kuliko 1/5000 ya sekunde, na kwa kuwa mwanga karibu wote unatoka kwenye flashi basi muda huo ndo unaokuwa shata yako halisi, mkono unatikisika, tawi linatikisika, picha inatulia.

Kama una simu tu

Usidharau simu. Ila ile kamera ya makro ya megapikseli 2 inayowekwa kwenye simu za bei ya chini achana nayo, tumia kamera kuu usogee mpaka fokasi inapogoma, rudi nyuma kidogo, piga, alafu kata picha. Inatoka bora. Simu ambazo kamera yake ya upana inafokasi karibu hizo ni jambo lingine, hizo zinafanya kazi kweli.

Ukitaka kuzidi hapo nenda kwa fundi redio umuombe deki mbovu ya DVD. Ndani kwenye ile sehemu inayosoma diski kuna kilenzi kidogo kama punje ya dengu, kitoe taratibu bila kugusa uso wake, kishike kwa kibanio cha nywele, kibandike kwa tepu juu ya kioo cha kamera ya simu katikati kabisa. Kitakuza sana, ila itabidi usogee mpaka milimita chache kutoka kwenye kitu, kwahiyo nyuki sahau, hiki ni cha jani, kitambaa, ukungu wa mkate, ubawa uliodondoka. Simu iegemeze juu ya vitabu viwili au glasi, jani lipitishe chini, tochi iwe pembeni, na upige kwa kuhesabu sekunde 2 ili kidole kisitikise. Kwa umbali ule simu yenyewe inaziba mwanga wote wa juu, hivyo njia pekee ni wa pembeni au wa chini kupita kwenye jani. Jani la nyanya likipigwa na mwanga wa pembeni vile vinyweleo vyake vyenye vichwa vya gundi vinasimama kama msitu.

Kugeuza lenzi

Hii kwangu ndo njia yenye faida kubwa kwa hela ndogo. Kuna ringi ya chuma, upande mmoja inajifunga kwenye uzi wa filta wa lenzi yako, upande wa pili inaingia kwenye bodi, hakikisha tu namba ya uzi inalingana (49, 52, 58 na kadhalika, imeandikwa mbele ya lenzi). Lenzi ya milimita 50 ikigeuzwa inakupa karibu 1:1, ya 28 inapita 2:1, na ile ya 18-55 inayokuja na kamera ukiigeuza inafanya kinyume na ulivyozoea, 18 ndo inakuza zaidi na 55 ndo kidogo. Umbali wa kitu kutoka kwenye lenzi unakuwa kama sentimita nne tano, jiandae kukaa puani kwa mdudu.

Tatizo lake ni tundu, lenzi ikigeuzwa haiongei tena na kamera. Lenzi za zamani zenye ringi ya kuzungusha namba za f ni bora kwa hili kuliko mpya, na huwa rahisi kwa sababu hazina fokasi ya umeme. Kwa Canon za EOS kuna ujanja, kabla hujageuza weka f/8, shikilia kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi, na huku umeshikilia chomoa lenzi, tundu litabaki limebana pale pale. Sehemu ya nyuma ya lenzi sasa iko nje inaangalia vumbi na umande, usiifute kwa shati.

Njia nyingine ni mirija mitupu ya kuweka kati ya lenzi na bodi. Haina kioo ndani, ni umbali tu. Urefu wa mirija gawanya kwa milimita za lenzi, ndo ukuzaji unaoongeza: mirija ya 50 kwenye lenzi ya 50 ni 1:1. Nunua yenye pini za umeme za kuunganisha lenzi na kamera kama hela inaruhusu, utaendelea kupanga tundu lako kwenye kamera.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Wadudu hawana joto lao wenyewe kama sisi, usiku ukiwa wa baridi asubuhi wanakuwa wazito mpaka jua liwapashe. Saa sita mchana ukimfuata kereng'ende utamfuata mpaka shamba la pili, alfajiri unamkuta ameng'ang'ania unyasi amejaa umande na unaweza kumsogelea mpaka ukamuona macho yake yalivyogawanyika vijumba vijumba. Milimani kama Amani, kule Usambara Mashariki, hali hii inadumu zaidi, Pwani una dakika chache tu baada ya jua kuchomoza.

Fokasi ya kamera izime. Weka lenzi kwenye umbali mmoja alafu mwili wako ndo uende mbele na nyuma, pole pole, huku unabonyeza mara jicho linapokata. Mkono wa kushoto ushike unyasi wenyewe na lenzi iegemee juu ya mkono huo huo, hapo upepo ukivuma mdudu na kamera vinasogea pamoja. Hili peke yake limeniokolea picha nyingi kuliko kifaa chochote. Sogea kutoka chini au usawa wa macho yake, usimshukie kwa juu, na kivuli chako kisimpite.

Buibui mrukaji (najua sio mdudu kwa hesabu ya miguu, lakini usimwache) ndo mwalimu mzuri kwa anayeanza, maana yeye hakimbii, anageuka kukuangalia. Yale macho mawili makubwa ya mbele yakikutazama yanabadilika rangi kutoka nyeusi kwenda kahawia au kijani, ni kwa sababu ndani kuna mirija inayozunguka akikukagua. Kwa maji moto chagua siku wanayoshona, utawaona wamejipanga mstari wakivuta kingo za majani mawili, na wengine wamebeba viluwiluwi wao mdomoni wakivipitisha huku na huku kama sindano, hariri inatoka kwa mtoto, mkubwa hana. Piga kutoka tawi la pembeni usiguse mti, wakihisi mtikisiko wanakuja wote, wanauma na kumwaga asidi kwenye kidonda.

Uyoga hauondoki

Uyoga, kuvu za kwenye magogo na maua ya chini ni dunia nyingine, hapa flashi mi naiweka pembeni. Kamera iweke chini kabisa juu ya mfuko wa mchele, ISO 100, shata hata nusu sekunde, kuchelewesha sekunde 2. Uyoga mzuri uko chini ya kofia, kwahiyo lala, na kipande cha karatasi ya kung'aa ya jikoni kiweke chini mbele yake kirudishe mwanga kwenye zile kurasa nyembamba za chini ya kofia. Toa unyasi uliolala mbele kwa brashi laini. Baada ya mvua kuanza tafuta vichuguu, ule uyoga unaotokea pale unalimwa na mchwa wenyewe ndani huko.

Na kwa kuwa haukimbii unaweza kusteki. Maana yake unapiga picha nyingi, kila moja fokasi imesogea kidogo, kisha programu inachukua sehemu iliyokata kwenye kila picha na kuziunganisha. Anza mbele ya kitu kabisa, malizia nyuma kabisa, na hatua ziingiliane, maana ukiruka utapata mikanda ya ukungu katikati na hakuna cha kuirekebisha. Uyoga wa kimo cha kidole kwa f/8 picha 15 mpaka 30 zinatosha. Zerene Stacker na Helicon Focus ni za kulipia na zina muda wa kujaribu, CombineZP ni ya bure ya Windows, na kwenye simu za Android programu ya Open Camera inaweza kusogeza fokasi yenyewe kama simu yako inaruhusu. Upepo ndo adui, zungushia boksi pande tatu.

Ukiwa Amani utakutana na Saintpaulia kwenye miamba ya kivulini, yale maua madogo ya zambarau ambayo mwaka 1892 afisa wa kikoloni wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyatuma Ujerumani kutoka Tanga na leo yako kwenye madirisha ya dunia nzima. Majani yake yana manyoya yanayopendeza kuliko hata ua, piga kwa mwanga wa pembeni, na usichume hata moja, kwao porini yamebaki machache na sehemu zake ni ndogo mno.

Hadubini ya shule na simu

Kama unaweza kuingia maabara ya shule au una hadubini ya kawaida, simu iweke juu ya kioo cha kuchungulia. Usibandike juu kwa juu, kuna umbali wa kama sentimita moja au mbili ambapo duara lote la mwanga linajaa, ukiupata tengeneza kola ya kadibodi au kipande cha bomba la plastiki ili simu ikae hapo hapo kila mara. Anza na lenzi ya 4, yaani inayokuza mara 4, ndo nzuri kuliko zote kwa picha, unaona eneo la milimita 4 na nusu hivi, ya 40 unabaki na chini ya nusu milimita. Na ukiwa kwenye 40 usiguse kirungu kikubwa cha fokasi, kioo kiko karibu nusu milimita tu juu ya slaidi.

Vitu vya kuanzia havinunuliwi. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi chini ya jani, ikauke dakika kumi, bandika selotepu uivute, ibandike kwenye slaidi: matundu ya kupumulia ya jani yatakuwa yamejichapa yote kama midomo midogo. Nondo waliokufa chini ya taa, ule unga wa mabawa ni vigae vilivyopangwa kama paa. Mabawa ya kumbikumbi yaliyoachwa barazani. Mkate wenye ukungu mweusi, vile vichwa vyeusi juu ya vijiti ni vifuko vya mbegu zake, uache kwenye kopo lenye mfuniko wa kuonyesha ndani na usiufungue karibu na pua, hasa mwenye pumu.

Vitu visivyopitisha mwanga vimulike kutoka juu kwa tochi, na kuzunguka kitu weka pete ya kikombe cha karatasi, ni ile ile difyuza imekuwa ndogo. Ukisteki kwa lenzi ya 4 hatua ziwe kama maikromita 40 au 50, mdudu mwenye kina cha milimita 4 ni picha 80 mpaka 100. Kama taa ni ya LED ya ukutani na unaona mistari mistari, weka shata 1/50 au taratibu zaidi, umeme wetu ni wa hezi 50 na taa inapepesa mara 100 kwa sekunde.

Tumia aliyekufa mwenyewe, dirishani wapo wa kutosha. Kumuweka mdudu kwenye friji ili atulie ni kumtesa kwa ajili ya picha, na anayejua wadudu ataona kwenye mkao wa miguu.

Kabla hujalala chini kwenye nyasi

Angalia nyoka kwanza, kisha nge chini ya gogo. Yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeitwa Nairobi fly haumi wala hachomi, ila ukimponda juu ya ngozi maji yake yanababua vibaya, akikutua mpulize, usimpige kofi, na ukishamgusa nawa kwa sabuni kabla hujashika macho. Viwavi wenye manyoya usiwahamishe kwa kidole, tumia jani.

Kila kitu piga zaidi ya picha moja, sura nzima, ubavu, na mmea aliokaa, maana watu wa iNaturalist, tovuti ya kutambua viumbe, wanaweza kukusaidia jina ila sio kwa jicho peke yake. Uyoga piga juu, chini na kitako, na ukiweza kata kofia moja uilaze usiku kucha kwenye karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi ukiifunika na bakuli, asubuhi unainua unakuta imeacha rangi ya mbegu zake. Ipige hiyo pia, na rula pembeni. Jina utakalopewa kwa picha usilitumie kupikia.